Vuli, Demani, na Shairi la Keats

Mwanafunzi atakaye kulifasiri kwa Kiswahili shairi la John Keats liitwalo "To Autumn" hukwama kabla hajaufikia mstari wa kwanza. Hukwama katika jina. Wako watakaompa neno vuli. Wako watakaomshauri aseme demani. Na mwalimu apendaye usahihi atamwambia aandike majira ya kupukutika majani. Kila jina katika haya matatu hulibadili shairi, na mabadiliko hayo si madogo, kwa kuwa yagusa jambo lenyewe ambalo shairi lilitungwa kulisema, yaani furaha na huzuni zilizokaa katika kikao kimoja bila ya kugombana.

Keats alilitunga shairi hili mjini Winchester, kusini mwa Uingereza, tarehe 19 Septemba, 1819, baada ya matembezi ya Jumapili, nalo likachapishwa mwaka 1820. Lina beti tatu, na kila ubeti una mistari kumi na mmoja. Ubeti wa kwanza umesheheni matunda hata wakaribia kupasuka: matufaha, zabibu, maboga, na asali iliyofurika katika masega. Katika ubeti wa pili majira yamekuwa mtu. Ameketi ghalani, au amelala shambani na kazi i nusu, au atazama maji ya matufaha yakidondoka tone baada ya tone kutoka katika shinikizo. Ubeti wa tatu ni wa sauti: usubi mtoni, wana-kondoo waliokwisha kukua, nyenje, ndege mdogo mwenye kifua chekundu, na mwisho kabisa mbayuwayu angani.

Sasa na atafute msomaji jani moja linaloanguka. Halimo. Huu si usahaulifu, kwani mtu aliyetembea mashambani kusini mwa Uingereza katika Septemba hakosi kuyaona majani yaliyoanza kugeuka rangi. Mwaka uo huo wa 1819 Shelley, akiwa Florence, alitunga utenzi wake kwa upepo wa magharibi, naye aliyajaza majani makavu humo tangu mwanzo. Keats ameyaacha. Kwa hiyo mfasiri aandikaye majira ya kupukutika majani ampa Keats mali ya Shelley, tena amweka msomaji katika matanga kabla hajaalikwa karamuni. Jina hilo ni sahihi kwa mwalimu wa jiografia. Kwa shairi hili ni kosa.

Ama vuli, shida yake ni nyingine. Vuli kwetu ni mvua. Huja baina ya Oktoba na Desemba, ardhi ikiwa imekauka, na watu huipandia. Maembe huiva ndani yake. Kumwambia mtu wa Tanga kwamba vuli yatia huzuni kwa sababu mwaka unakwisha ni kumchanganya bure. Lakini nisingependa kusema, kama wasemavyo wengine kwa wepesi, kwamba sisi hatuna majira ya kutia moyo mashaka. Vuli ina mashaka yake makubwa. Mvua hiyo hutofautiana mwaka hata mwaka kuliko masika. Mwaka 1997 na mwaka 2019 ilizidi ikaleta mafuriko, na katika miaka ya 2020, 2021 na 2022 ilipungua mfululizo katika sehemu kubwa ya mashariki ya Kenya, Somalia na kusini mwa Ethiopia, mifugo ikafa kwa wingi. Mkulima huitazamia vuli kwa moyo wa namna mbili: atumaini, naye aogopa. Ila moyo huo hausumbuliwi na kuondoka kwa majira. Wasumbuliwa na kuja kwake.

Hapo ndipo ninapoiona tofauti iliyo kuu. Mashaka ya vuli ni ya mwanzo usiojulikana. Huzuni ya Keats ni ya mwisho unaojulikana mno. Kila kitu katika shairi lake kimejaa, na kila kilichojaa chajulikana kuwa hakina njia nyingine ila kupungua. Mfasiri akitia neno vuli bila ya tahadhari amebadilisha hakika kwa shaka, na msomaji wake atalisoma shairi zima kama dua ya kuomba mvua.

Hakika hiyo yatoka kwa jua lenyewe. Huko London mchana wa mwisho wa Septemba una saa kama kumi na mbili, lakini katika Desemba haufiki saa nane. Mwanga hupotea kidogo kidogo kila siku, na kila mtu aliyezaliwa huko alijua tangu utoto kwamba utapotea. Sisi mchana wetu mrefu kabisa hapa Dar es Salaam hauuzidi ule mfupi kabisa kwa saa moja kamili. Ndiyo maana saa yetu tunaihesabu tangu macheo, na saa moja ya asubuhi ni saa moja siku zote. Msemaji wa Kiswahili akaaye London huona jua la Desemba likichomoza saa mbili na kuzama kabla ya saa kumi, na hapo hesabu aliyorithi kwa wazee wake humshinda. Lugha yetu haikuzaliwa katika mwanga wenye kupungua hivyo, nayo haina budi kujifunza kuusema.

Ipo hoja ya kunipinga, nayo yafaa isikilizwe. Mlima Tambora ulipolipuka mwaka 1815 huko Indonesia, vumbi lake liliziba jua hata mwaka 1816 Ulaya ikakosa kiangazi, na mavuno yakaharibika. Basi hata kwa Mwingereza wa zama za Keats ghala iliyojaa haikuwa jambo la kutegemewa. Nakubali. Lakini kilichokuwa na shaka ni wingi wa mavuno. Kuondoka kwa majira hakukuwa na shaka hata kidogo. Ama wale wanaolisoma shairi hili kama wasia wa mgonjwa, kwa kuwa Keats alifariki Roma mwezi Februari 1821 naye ana miaka 25, nadhani huanza kusoma toka ukurasa wa mwisho. Kweli nduguye Tom alikwisha kufa kwa kifua kikuu Desemba 1818. Hata hivyo, siku mbili baada ya kulitunga shairi, Keats alimwandikia rafiki yake Reynolds kwamba shamba lililobaki mabua limempendeza kuliko kijani cha machipuko. Hayo si maneno ya mtu aagaye. Tena Jerome McGann aliandika mwaka 1979 kwamba utulivu wa shairi huu wayapa mgongo mambo ya wakati wake, na wengi baada yake wamekumbusha mauaji ya Manchester ya tarehe 16 Agosti, 1819. Hoja hiyo ina nguvu kuliko ile ya ugonjwa, ingawa kwangu utulivu si lazima uwe kutojali.

Limebaki neno demani, nami nalipendelea. Pwani nayo iliijua hakika ya kuondoka, ila iliijua katika pepo na si katika mvua. Vyombo vilivyotoka Uarabuni na Bara Hindi vilikuja kwa kaskazi na kurudi kwa kusi, na wenyeji wa Lamu, Mombasa na Unguja walikijua kipindi cha kuaga kabla mgeni hajashusha shehena yake. Demani ni neno la kalenda hiyo ya pepo. Ni wakati kusi inapolegea na kaskazi haijashika, bahari imetulia, na kila nahodha ajua kuwa utulivu huo una siku zake. Mundu na ghala hazimo ndani yake, na mfasiri itampasa azilete mwenyewe katika beti. Lakini umo ndani yake upole wenye kujua kwamba unapita, na huo ndio mgumu kuupata.

Jina likisha kupatikana, kazi yahamia katika vitenzi, na hapo Kiswahili kina utajiri ambao wafasiri wengi hawautumii. Mbayuwayu wa mwisho wa shairi hawajaondoka; wamekusanyika tu, nao walia. Wanafunzi wangu aghalabu huandika hulia, na mara hiyo ndege wanakuwa wa kila mwaka, jambo la kawaida lisilomhusu mtu. Wengine huandika wanalia, na hapo wanakuwa wa jioni ile moja tu. Walia husimama baina ya hayo mawili.