Darasa Lililojengwa na Mbuga: Uhakiki wa Mpango wa Utalii wa Gorila Bwindi

Chumba nilichosomea nikiwa darasa la nne kilijengwa kwa fedha za mbuga. Kando ya mlango paliandikwa hivyo kwa rangi, na chini ya maandishi palichorwa gorila. Mwaka huohuo nilikosa masomo siku nyingi, kwa sababu shamba letu limepakana na mbuga, na mahindi yanapoanza kukomaa lazima mtu ashinde shambani kufukuza nyani. Baba alikuwa akifanya vibarua mbali na nyumbani, mama alikuwa na mtoto mchanga, basi zamu ya mchana ikawa yangu. Nikiwa pale shambani niliweza kukiona chumba chetu ng'ambo ya bonde, bati lake jipya liking'aa.

Sisimulii haya ili nihurumiwe. Watoto wengi wa kijijini kwetu wana habari kama hii. Nayasimulia kwa sababu kila ninaposoma kuhusu manufaa ya utalii kwa wenyeji, nakiona chumba kile kimehesabiwa, lakini siku nilizokosa kuingia ndani yake sizioni popote. Hoja yangu katika makala hii ni hiyo. Mpango wa utalii wa gorila unajua kuhesabu kile unachowapa wenyeji, ila haujui kuhesabu kile unachowachukulia. Mpango unaohesabu upande mmoja tu hauwezi kutuambia kama umeleta maendeleo au la.

Tuanze na historia kwa ufupi. Hifadhi ya Taifa ya Bwindi iko kusini magharibi mwa Uganda, katika wilaya za Kanungu, Rubanda na Kisoro, na upande wa magharibi inagusa mpaka wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 321. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Mwaka 1993 watalii walianza kupelekwa kuwaona gorila huko Buhoma, na mwaka 1994 UNESCO ikaiweka Bwindi katika orodha ya urithi wa dunia. Kabla ya 1991 watu wa maeneo hayo walipasua mbao msituni, walichimba dhahabu, walirina asali, walitega wanyama, na walikata kamba za kusukia vikapu. Kazi hizo karibu zote zilikatazwa, ingawa baadaye baadhi ya vijiji viliruhusiwa kurina asali na kuchukua dawa na kamba kwa utaratibu maalumu. Utalii ndio uliotarajiwa kuziba pengo. Kwa hiyo mgawo wa mapato si hisani. Ni malipo kwa kitu kilichoondolewa mikononi mwa watu, na inafaa upimwe kama malipo.

Nianze kwa kukiri kilichofanikiwa, maana uhakiki usiokiri ni lawama tu. Sensa ya gorila iliyofanyika Bwindi na katika hifadhi jirani ya Sarambwe, Kongo, mwaka 2018 ilipata gorila 459. Ukiwajumlisha na wale wa milima ya Virunga, gorila wa milimani wote duniani walihesabiwa kuwa 1,063. Mwaka huohuo Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, liliwatoa katika daraja la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka na kuwaweka katika daraja lenye nafuu kidogo. Bila fedha za watalii sidhani kama jambo hili lingewezekana. Pia kuna vijana wa kwetu wanaobeba mizigo ya wageni, wanaopika katika loji na wanaoongoza safari za msituni. Hayo ni kweli, wala siyapingi.

Sasa tuangalie hesabu. Mgeni kutoka ng'ambo hulipa dola 800 kwa kibali cha kuwaona gorila Uganda. Bei hiyo ilianza Julai 2024. Kabla yake ilikuwa dola 700. Kundi moja la gorila hutembelewa na watu wasiozidi wanane kwa siku, nao hukaa na gorila saa moja. Ikiwa wote wanane wametoka ng'ambo, saa hiyo moja huingiza dola 6,400. Katika kila kibali, dola 10 hutengwa kwa ajili ya jamii zinazoizunguka mbuga. Yaani katika dola 6,400, jamii hupata dola 80. Hiyo ni asilimia moja na robo.

Atakayetetea mpango atanikumbusha kwamba sheria ya wanyamapori huzipa serikali za mitaa zinazopakana na mbuga asilimia 20 ya kiingilio. Ni kweli, na asilimia 20 ikisikika mkutanoni huonekana nyingi. Lakini kiingilio si kibali. Kiingilio ni ada ndogo ya kupita langoni, isiyozidi dola 50 kwa mtu, ilhali kibali ndicho kinachobeba fedha nyingi. Hapa ndipo penye udhaifu wa kwanza wa mpango. Asilimia kubwa imewekwa juu ya fedha ndogo, na fungu dogo limewekwa juu ya fedha kubwa. Msikilizaji hukumbuka ile 20 na kusahau ni 20 ya nini.

Udhaifu wa pili unahusu njia ambayo fedha hizo hupitia na sura zinayochukua zikifika. Huanzia kwenye mamlaka, hupita wilayani, hushuka kwenye kaunti ndogo, kisha hufika kijijini zikiwa mradi: darasa, zahanati, kipande cha barabara, au mbuzi wa kugawiwa baadhi ya kaya. Darasa ni la wote, na ni jema. Ila hasara si ya wote. Nyani hawavamii kaunti ndogo nzima. Huvamia mashamba yaliyo ukingoni mwa msitu. Anayeishi kilomita tano kutoka mbugani hutuma mtoto wake katika darasa lilelile bila kupoteza hata muhindi mmoja. Anayeishi ukingoni hupoteza mazao, hupoteza usingizi kwa sababu ya nguruwe mwitu, na mwishoni hupoteza nafasi ya mtoto wake katika darasa lile. Faida imegawanywa kwa wengi, hasara imebebwa na wachache, na wachache hao ndio ambao uhifadhi unawategemea zaidi kuliko mtu mwingine yeyote. Baadhi yao hujitolea kuwarudisha gorila msituni kwa utaratibu wanapotoka na kuingia mashambani.

Udhaifu wa tatu uko kwenye maneno, nasi wanafunzi wa lugha tunapaswa kuuona upesi. Katika maandishi ya mipango, wenyeji huitwa wanufaika. Mnufaika ni nani? Ni mtu aliyepokea. Neno hilo halisemi kwamba ametoa chochote. Ungemwita mshirika, ungelazimika kumwonyesha daftari. Ungemwita mdai, ungelazimika kumlipa. Mnufaika hutakiwa ashukuru tu. Mama yangu anazungumza Kifumbira, Kikiga, na Kiswahili kidogo cha soko la Bunagana. Mpango unaoamua mgawo wake umeandikwa kwa Kiingereza. Husomewa muhtasari mkutanoni, hupiga makofi pamoja na wenzake, kisha hurudi shambani. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa daftari lipo, ila mwenye haki hawezi kulisoma.

Walioumizwa zaidi na upungufu huu wa hesabu ni Wabatwa. Wao hawakuwa wakitumia msitu kwa nyongeza ya kipato kama sisi wakulima. Waliishi humo kwa kuwinda na kuokota chakula. Mbuga ilipotangazwa waliondolewa bila kupewa ardhi, na wengi wakabaki kuwa vibarua katika mashamba ya watu wengine. Mgawo wa mapato unaotumia kigezo cha kijiji na shamba haumwoni vizuri mtu asiye na shamba. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilikubali kwamba Wabatwa waliachwa katika hali ya unyonge na kutengwa, ikaelekeza suala la hatua za kuwainua lipelekwe Mahakama Kuu. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu 1991. Katika miaka hiyo Wabatwa walicheza ngoma mbele ya watalii na kuwaonyesha jinsi babu zao walivyowasha moto. Utamaduni wao uliingia katika mpango kabla ya haki zao.

Mwaka 2020 ulituonyesha jambo jingine. Mipaka ilipofungwa kwa sababu ya korona, watalii walikoma mara moja. Wabeba mizigo, wasukaji wa vikapu na wapishi wa loji walirudi nyumbani, na fungu la vijiji likakauka kwa sababu halina chanzo kingine. Juni mwaka huo Rafiki, dume kiongozi wa kundi la Nkuringo, alichomwa mkuki na mwindaji aliyekuwa akiwinda wanyama wadogo msituni. Mwindaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Simtetei. Lakini nauliza: kama maendeleo yaliyoletwa na utalii kwa karibu miaka 30 yangekuwa na mizizi nyumbani kwa watu, je, miezi mitatu bila wageni ingetosha kuwarudisha watu kwenye mitego?

Kuna jibu moja zito ambalo wapangaji hutoa, na ni lazima nilishughulikie. Husema kwamba fedha za gorila haziendeshi Bwindi peke yake. Zinalipa askari wa wanyamapori, na zinasaidia mbuga nyingine za Uganda zisizopata wageni wengi. Ukiongeza mgawo wa vijiji vya Bwindi, unapunguza ulinzi mahali pengine. Nakubali kwamba hilo ni kweli. Lakini maana yake ni kwamba mkulima wa ukingoni mwa Bwindi, mwenye nusu ekari ya viazi, anasaidia kugharamia mbuga za nchi nzima. Kama taifa limeamua hivyo, basi liseme hivyo waziwazi, na limpe heshima ya mfadhili.

Isitoshe, jirani zetu wameonyesha kwamba hesabu inaweza kupangwa vingine. Rwanda ilianza mwaka 2005 kutenga asilimia 5 ya mapato ya utalii wa hifadhi zake kwa ajili ya jamii jirani. Mwaka 2017 ilipandisha bei ya kibali cha gorila kutoka dola 750 hadi 1,500, na wakati huohuo ikapandisha mgawo huo hadi asilimia 10. Jambo la kuangalia hapa ni msingi wa hesabu: asilimia imewekwa juu ya mapato yenyewe. Sisemi Rwanda imemaliza kazi. Mpango wa kupanua Hifadhi ya Volkano unawataka maelfu ya watu wahame, na nao wana haki ya kuuliza maswali haya haya. Nasema tu kwamba kanuni ya mgawo ni uamuzi wa watu, na inaweza kubadilishwa na watu.

Hata ndani ya Bwindi kuna mifano ya kujifunzia. Buhoma ina kambi ya wageni inayomilikiwa na jamii, na Nkuringo kuna loji ambayo jamii ina umiliki ndani yake, huku kampuni ikiiendesha. Tofauti ya miradi hii na darasa langu si ukubwa wa fedha. Tofauti ni kwamba mwenye hisa anaweza kuomba kuona hesabu za mwaka, akauliza, akakataa. Mtu aliyepewa darasa hana la kuuliza.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, mgawo wa jamii utolewe kama asilimia ya bei ya kibali, ili bei ikipanda nao upande. Kibali kilipoongezeka dola 100 mwaka 2024, fungu lililowekwa kwa dola kumi halina sababu ya kuongezeka lenyewe. Pili, sehemu ya mgawo itengwe kwa kaya za ukingoni peke yake, na itumike kwanza kulipa walinzi wa mashamba wa kudumu, watu wazima wenye mshahara, ili kazi hiyo iondolewe mikononi mwa watoto. Sheria ya mwaka 2019 imeingiza utaratibu wa fidia kwa madhara ya wanyamapori, nao ni hatua nzuri, lakini fidia huja baada ya hasara, mlinzi huizuia. Tatu, kila mwaka hesabu za mgawo zisomwe kijijini kwa lugha ya kijiji, pamoja na orodha ya mazao yaliyoharibiwa, siku za shule zilizopotea, na majina ya vijiji vilivyokosa. Safu mbili katika karatasi moja: kilichotolewa na kilichochukuliwa.

Wanafunzi wenzangu wanaosomea mipango na utalii wataandika ripoti hizi miaka michache ijayo. Ombi langu kwao ni kwamba wanapotaka kuandika kuwa mbuga imejenga madarasa kadhaa, waulize pia ni watoto wangapi waliokuwa ndani yake wakati wa mavuno.

Likizo za chuo chetu haziendi sambamba na za shule za msingi. Mara ya mwisho nilipokwenda nyumbani nilifika Jumanne, saa nne asubuhi. Mdogo wangu, ambaye sasa yuko darasa la nne katika chumba kilekile, nilimkuta shambani na kombeo mkononi. Alifurahi kuniona, akaniuliza kama naweza kushika zamu hadi jioni ili awahi somo la hesabu. Niliishika.