Almost Famous: Cameron Crowe alivyomkuza kijana kwa masikio

Filamu nyingi za vijana na muziki humpandisha mhusika jukwaani. Kijana hana kitu, anapata gitaa, anazomewa, anakomaa, na mwisho ukumbi mzima unasimama kumshangilia. Cameron Crowe, katika Almost Famous ya mwaka 2000, alikataa njia hiyo. William Miller, kijana wa miaka 15, hapigi chombo wala haimbi. Anasikiliza, kisha anaandika. Uamuzi huo mmoja ndio unaobeba filamu nzima, na ndio nitakaoufuatilia hapa hatua kwa hatua.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Ni mwaka 1973, San Diego, California. Mama yake William, Elaine, ni mhadhiri, na kwake muziki wa roki ni njia fupi ya kuelekea kwenye dawa za kulevya. Dada yake, Anita, ameshaondoka nyumbani kwa hasira, na amemwachia mdogo wake santuri zake chini ya kitanda. Kijana anazisikiliza, anaanza kuliandikia jarida la Creem, kisha Rolling Stone linampigia simu na kumtuma afuatane na bendi iitwayo Stillwater, bila kujua kwamba limemwajiri mwanafunzi. Anapanda basi la ziara, na safari inampitisha Topeka, Cleveland na New York.

Crowe alikuwa akiandika maisha yake. Alizaliwa mwaka 1957, na mwaka 1973, akiwa na miaka 16, alisafiri na Allman Brothers Band kwa niaba ya Rolling Stone. Habari aliyoiandika ilitoka kwenye jalada la Desemba mwaka huo. Safarini Gregg Allman wa bendi hiyo alimshuku, akazichukua kanda zake za mahojiano, na baadaye zikarudi. Mwongozaji mwingine angeliweka tukio hilo kwenye filamu kama lilivyotokea. Crowe alichukua uchungu wake tu: mpiga gitaa wa Stillwater, Russell Hammond, anamfungulia kijana moyo, kisha jarida linapompigia kuhakikisha habari, anakana. Bendi ya kubuni ilimpa mwandishi uhuru huo. Bendi halisi ingekuwa na jina la kulinda, na huenda pia wanasheria wa kulilinda.

Umri unaosemwa mara tatu

Hadithi ya kukua inahitaji kipimo cha kukua. Crowe alitumia kitu cha kawaida kabisa, yaani jibu la swali la umri, akalirudia mara tatu.

Mara ya kwanza tuko mwaka 1969. William anagundua kwamba mama yake amemrusha madarasa na kumficha umri wake halisi. Kumbe ana miaka 11 tu, na ndiyo maana wenzake darasani wanamzidi kimo na sauti. Tunacheka, lakini msingi umeshawekwa: umri wake unasemwa na mtu mwingine. Mara ya pili anaongea kwa simu na Ben Fong-Torres, mhariri wa Rolling Stone, na anaifanya sauti iwe nzito ili asikike kama mtu mzima. Sasa anadanganya mwenyewe. Mara ya tatu yuko na Penny Lane, msichana anayefuatana na bendi. Wanaulizana umri, wanaanza na 18, kisha wanashuka mwaka mmoja mmoja, kila mmoja akimsubiri mwenzake, hadi William anafika kwenye 15 yake ya kweli. Hakuna hotuba kuhusu kukomaa. Kuna namba zinazoshuka, na kadiri zinavyoshuka ndivyo kijana anavyopanda.

Mlango unaofunguliwa na ujuzi

Onyesho bora la mwanzo liko nyuma ya ukumbi wa San Diego Sports Arena. William ametumwa na Creem kuihoji Black Sabbath, lakini mlinzi wa mlango wa nyuma hana jina lake kwenye orodha. Stillwater, wanaotangulia kupiga usiku huo, wanafika kwa kuchelewa. Anapoomba kuzungumza nao wanamtolea maneno makali, kwa kuwa waandishi wa muziki kwao ni maadui. Hapo kijana hawaombi huruma. Anawataja kwa majina, anausifu wimbo wao mpya, anaeleza kwa nini walifanya vyema kujirekodi wenyewe, na anasema jambo mahsusi kuhusu sauti ya gitaa. Wanamuziki wanageuka, na mlango unafunguka.

Kwa fundi wa mswada hili ni somo. Tukio linalosukuma hadithi mbele limetokana na sifa ileile inayomtambulisha mhusika. Hakupenya kwa bahati wala kwa jamaa aliyemjua. Alipenya kwa sababu alikuwa amesikiliza.

Akishaingia, kamera ya John Toll inashika zamu. Toll alikuwa ameshashinda Oscar mbili mfululizo kwa Legends of the Fall na Braveheart, filamu za mandhari pana na majeshi. Hapa anajizuia. Mara nyingi anatuweka pale alipo William, pembeni ya jukwaa, kati ya spika na nyaya, ambako wanamuziki huonekana kwa ubavu na umati ni giza linalonguruma. Mtazamaji hakai kwenye kiti cha aliyelipa kiingilio, na pia hafikishwi katikati ya taa. Anabaki kizingitini, na kizingiti ndiyo makazi ya mtu wa miaka 15.

Bendi ya kubuni, jasho la kweli

Hatari kubwa ya filamu kama hii ni bendi ya uongo kusikika ya uongo. Stillwater ilileta ugumu zaidi, kwa sababu jina la filamu lenyewe linasema hawajafika kileleni. Nyimbo zao zilipaswa kuwa nzuri kiasi cha kumfanya kijana awapende, lakini zisiwe nzuri kiasi cha kutufanya tushangae kwa nini hawajatawala dunia. Kutunga wimbo wa wastani kwa makusudi, tena wenye uhai, ni kazi ngumu.

Crowe aliigawa kazi hiyo kwa wenye uzoefu. Nancy Wilson wa kundi la Heart, aliyekuwa mke wake wakati huo, alishughulikia muziki wa filamu na kushiriki kutunga nyimbo za Stillwater. Peter Frampton alikuwa mshauri wa kiufundi. Aliwafundisha waigizaji namna ya kushika vyombo na kusimama jukwaani kama watu waliozoea, na Billy Crudup, anayeigiza Russell, alijifunza gitaa chini yake. Kwenye rekodi gitaa la kuongoza lilipigwa na Mike McCready wa Pearl Jam, na sauti inayosikika Jason Lee akiigiza mwimbaji Jeff Bebe ni ya Marti Frederiksen. Waigizaji walifanya mazoezi kwa wiki kadhaa kama bendi halisi. Matokeo yanaonekana katika mambo madogo: jinsi wanavyotazamana kabla ya kuanza wimbo, na jinsi Jeff anavyomkodolea Russell macho mashabiki wanapomshangilia mpiga gitaa badala ya mwimbaji.

Basi linaloimba

Tukio linalokumbukwa zaidi ni la basi. Usiku uliotangulia, huko Topeka, bendi imegombana, na Russell ametorokea kwenye sherehe ya vijana wasiomjua, akalewa na kupanda juu ya paa. Asubuhi anarudishwa. Ndani ya basi kumekaa ubaridi. Kisha unasikika Tiny Dancer, wimbo wa Elton John wa mwaka 1971.

Ufundi uko kwenye mpangilio. Kwanza kelele za usiku, halafu ukimya, na ndipo wimbo unaingia kwa sauti ya chini kana kwamba haumhusu mtu. Wahariri Joe Hutshing na Saar Klein hawana haraka. Wanatoka uso hadi uso, na mmoja mmoja watu wanaanza kuimba, hadi basi zima linaimba pamoja na aliyekosa akiwemo. Hakuna aliyeomba radhi. Nyumbani watu wakinuniana hupatanishwa na chakula kilichopakuliwa kwenye sinia moja. Humu sinia ni wimbo. Wahariri hao waliteuliwa kuwania Oscar, na dakika hizi chache peke yake zingetosha kuwatetea.

Simu mbili

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini Crowe hakutaka kumpa ulimwengu nafasi ya kufundisha peke yake. Aliwaunganisha walimu wote kwa simu. Frances McDormand, anayeigiza Elaine, yuko mbali na ziara karibu filamu nzima, na bado tunahisi yupo kila hoteli. Tunakatiwa kutoka kwenye vurumai ya ukumbini hadi kwenye nyumba tulivu ya mama anayesubiri. Russell anapomnyakua William simu ili amchekeshe mama huyo, Elaine anamnyoosha kwa sentensi chache, na nyota wa gitaa anaitikia kama mtoto wa shule.

Simu ya pili inakwenda kwa Lester Bangs, mhakiki halisi wa Creem, aliyeigizwa na Philip Seymour Hoffman. Yuko peke yake kati ya santuri zake, na anamsisitizia kijana asijifanye rafiki wa wanamuziki. Mama anailinda roho ya mwanawe, Bangs anailinda kalamu yake. Kati ya sauti hizo mbili William anatafuta ya kwake.

Muda wote huo mahojiano na Russell yanaahirishwa. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini William kila anapoomba jembe lake anaambiwa asubiri kidogo, kesho, mji unaofuata. Kuahirisha huko ndiko kunakoivuta filamu mbele. Mahojiano yanakuja mwishoni kabisa, nyumbani kwa William, Russell akiwa ndiye mgeni. Swali ni lile la mwanzo, kuhusu anachopenda kwenye muziki. Ila sasa anayeuliza hahitaji tena kupendwa na anayejibu.

Ilipoteleza

Kuna kasoro moja, na si ndogo. Penny Lane, aliyeigizwa na Kate Hudson, naye ni mtoto. Alishuka hadi 16 kwenye mchezo ule wa umri. Bendi inamtoa kwa kundi jingine kwenye mchezo wa karata, kwa dola 50 na kreti ya bia. Hudson anaipokea habari hiyo kwa ustadi mkubwa: anauliza ni bia gani, na uso ndio unaosema yaliyobaki. Lakini baadaye anapomeza vidonge na madaktari wanapohangaika kumwokoa, Crowe anaweka juu ya onyesho hilo wimbo mtamu wa Stevie Wonder, My Cherie Amour. Utamu huo unatuonyesha mapenzi ya William na kuyapaka sukari maumivu ya Penny. Kijana anatoka safarini na makala kwenye jarida. Msichana anatoka na tiketi ya ndege. Toleo refu la dakika 162, dhidi ya 122 za sinema, linawapa wahusika nafasi zaidi ya kupumua, lakini bado halimpi Penny masikio ya kumsikiliza kama aliyopewa Russell.

Sokoni filamu haikufua dafu. Iligharimu takriban dola milioni 60 na haikurudisha kiasi hicho kwenye majumba ya sinema. Mwaka 2001 Crowe alipata Oscar ya mswada bora uliotungwa moja kwa moja kwa sinema, na albamu ya nyimbo zake ikashinda Grammy. Tuzo ya mswada ndiyo iliyostahili zaidi, kwa sababu kila nilichokitaja hapa, kuanzia mlango hadi simu, kilipangwa kwenye karatasi kabla ya kamera kuwashwa. Anayetaka kuandika kuhusu kijana na muziki aisome kazi hii kwa makini, na amtendee haki Penny wake kuliko Crowe alivyomtendea huyu.