Usianze na Macho: Jinsi ya Kulipima Gazeti la Katuni la Watu Wazima

Kuna gazeti la katuni "la mtindo wa manga", yaani katuni za Kijapani, linalosifiwa siku hizi kuanzia stendi ya Himo hadi mpakani Holili. Wanaosubiri magari wanapokezana, na sifa ni zilezile: macho makubwa yanayometameta, nywele zenye ncha, rangi kila ukurasa. Nimelisoma jalada hadi jalada. Ni kazi mbovu, na kinachoniudhi ni kwamba wanaolisifu ni watu wazima wenye akili zao ambao hakuna aliyewaonyesha pa kutazama.

Kwanza, rangi ni ya jalada. Ndani panatakiwa wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, basi. Wajapani wanaoigwa hufanya hivyohivyo. Garo, lililoanzishwa na Katsuichi Nagai mwaka 1964, lilikuwa gazeti la kila mwezi, kama lilivyo Afternoon la kampuni ya Kodansha, lililoanza kutoka mwishoni mwa 1986: wachoraji wengi katika toleo moja, na karibu kurasa zote nyeusi na nyeupe. Palipo na wino tu, mstari wa nibu hunenepa na kukonda kwa kadiri mkono unavyokandamiza, kwa hiyo mchoraji hana pa kujificha.

Pili, utu uzima si uchi. Katika Garo, Sanpei Shirato alisimulia kwa miaka mingi habari za wakulima na watu waliotengwa na jamii. Mtu mzima anataka kusoma habari za madeni, rushwa, ndoa na kazi. Anayemuuzia mapaja tu amemdharau.

Tatu, mahali. Gazeti hilo linalosifiwa lina mtaa wa Moshi wenye mlima Kilimanjaro nyuma yake, na kilele cha Mawenzi kiko kushoto mwa kile cha Kibo. Ukiwa Moshi, Mawenzi iko kulia. Hata hapa Holili, Mawenzi iko kulia. Kushoto huiona aliye upande wa Kenya, kule Amboseli. Mchoraji alinakili picha ya watalii na hakuinua macho kuutazama mlima wenyewe.

Sasa kiputo, ule mviringo wenye maneno ya mhusika. Asiyeijua kazi hakitazami kabisa. Anayasoma maneno na kupita. Lakini hapo ndipo fundi anapotengana na mwigaji.

Kijapani katika manga huandikwa kutoka juu kwenda chini, ndiyo maana kiputo chao ni kirefu na chembamba, kinasimama vizuri kando ya kichwa. Maneno yetu yanalala, tena ni marefu. "Hawakutuambia" linahitaji upana. Mwigaji huchora kwanza kiputo chembamba alichokiona kwa Wajapani, kisha anasokomeza Kiswahili ndani: hawa, kistari, kutu, kistari, ambia. Msomaji anaanza kuunga silabi badala ya kusikia mtu akisema, na uchungu wa neno umeshapotea.

Fundi huenda kinyume. Huandika maneno kwanza kwa penseli, akakata mistari pale pumzi inapokatika, akayazungushia kiputo, ndipo akaamua kichwa kikae wapi. Picha huyapisha maneno. Mkia wa kiputo huelekea mdomoni, si begani wala kwenye kofia, na huishia kabla ya kuugusa mdomo.

Kisha kuna zamu. Ukurasa wa Kijapani huanzia kulia, wetu kushoto. Kwetu atakayesema kwanza asimame kushoto na kiputo chake kiwe juu zaidi. Katika gazeti hilo mfanyabiashara wa mahindi anakutana na wakala wa forodha. Wakala yuko kushoto, kiputo chake kiko juu: "Sichukui." Mfanyabiashara anafuata: "Pokea hii, bosi." Rushwa imekataliwa kabla haijatolewa! Tukio lililopaswa kuibeba hadithi nzima limekufa, na bado watu wanasifia macho.

Nilimfahamu mzee mmoja wa Moshi, mwandishi wa vibao vya maduka aliyechora katuni usiku. Kabla ya kutia wino alimsomea mkewe kila fremu. Mama akiuliza "nani kasema?", mzee alifuta fremu nzima. Nimemwona pia kijana aliyebandika kurasa za manga kwenye kioo cha dirisha, akazigeuza ili zisomeke kutoka kushoto, akazinakili na kuziita zake. Zilimuumbua: wahusika wote walikuwa mashoto, saa ziko mkono wa kulia, mashati ya wanaume yana vifungo vya kike.

Tulikuwa na kipimo chetu kabla ya manga kufika. Gazeti la katuni la Sani, la Saidi Bawji na Nico ye Mbajo, lilitupa wahusika kama Ndumilakuwili, Lodi Lofa na Madenge. Mchoraji Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986, alikuwa miongoni mwa waliolipa gazeti hilo sura yake. Ng'ambo ya mpaka, gazeti la Taifa Leo lilikuwa na katuni ya Juha Kalulu ya Edward Gitau. Karatasi ilikuwa duni, lakini hukurudi nyuma kutafuta nani amesema nini. Toleo moja lilisomwa na nyumba nyingi hadi jalada likang'oka.

Nadai mawili zaidi. Fremu zisizidi sita kwa ukurasa. Maneno yaandikwe kwa mkono, si kwa kompyuta; herufi ya mkono hukua mtu akipaza sauti. Hayo hayana mjadala.

Ukifika kwa muuza magazeti, fungua ukurasa wowote wa katikati na uusome kimoyomoyo. Ukirudi nyuma hata mara moja kumtafuta msemaji, rudisha gazeti mezani na mwambie muuzaji sababu. Mhariri hulipia kile ambacho wanunuzi wanakidai. Tukiendelea kununua macho, fundi anayeandika maneno kwanza ataishia kuchora vibao vya saluni.