Punda Balthazar: Mnyama au Mfano?

Filme ya Bwana Robert Bresson, «Au hasard Balthazar» (1966), inasumbua wengi. Punda anabatizwa na watoto, anapita mikononi mwa mabwana wengi, anapigwa. Mwisho risasi za askari wa mpaka zinampata, naye anakufa katikati ya kondoo.

Waseminari wanasema upesi: «Ni Kristu!» Tena kila kitu wanakipa maana: kondoo ni waamini, mabwana ni vichwa vya dhambi. Sisi tunasita. Mtakatifu Augustino alifasiri hivyo habari ya Msamaria, hata mwenye nyumba ya wageni akawa Paulo. Lakini Bwana Yesu aliuliza jambo moja tu: nani alikuwa jirani?

Huku Nyantende punda si mnyama wa kwetu. Mzigo tunauona mgongoni mwa mama zetu, kamba kwenye paji la uso, wakienda soko la Bukavu. Nani atathubutu kusema kwamba wao ni mfano tu? Kwanza wanaumia. Balthazar vilevile. Asiyemhurumia punda hatamwona Kristu nyuma yake.

Basi, wandugu, tutazame kwanza, tufasiri baadaye.