Puku Hufutwa, Hupanguswa au Huoshwa?

Maelezo ya kutunza kifaa kidogo cha mezani si jambo linalofika mara kwa mara mbele ya wanaistilahi. Wao hushughulikia sheria, kemia na isimu, na karatasi inayomwelekeza karani namna ya kusafisha puku ya kompyuta huachiwa mfasiri yeyote aliye karibu. Hata hivyo, ni katika karatasi za namna hiyo istilahi hupimwa, maadamu msomaji wake ana kifaa mkononi na atatenda neno kwa neno kama alivyoambiwa.

Tuanze na jina. Kifaa hiki kilibuniwa na Douglas Engelbart, na cha kwanza kiliundwa na mwenzake Bill English mwaka 1964 huko California: kisanduku cha mbao chenye magurudumu mawili na waya uliofanana na mkia. Jina la panya likafuata, nasi tukalipokea kwa njia mbili, puku na kipanya. Ubishi juu ya lipi bora umekwisha kula muda kuliko unavyostahili, kwani yote mawili yanaeleweka (ingawa mkazi wa Dar es Salaam aliyepanda vipanya vya abiria ana haki ya kutabasamu). Lililo zito zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Mfasiri anayeandika “puku huyu amechafuka” amesahau kwamba lugha yetu ilikwisha kuamua jambo hili zamani. Mbuzi anayekula majani ni huyu, bali mbuzi ya kukunia nazi ni hii. Kifaru wa porini ni huyu, bali kifaru cha jeshi ni hiki. Basi puku ya mezani imechafuka, na kipanya kimechafuka.

Kosa la pili lina madhara zaidi. Katika puku za zamani mna kitufe cha chuma kilichovikwa mpira, ambacho kikibiringika huzungusha rola mbili, moja ya kulia na kushoto, nyingine ya mbele na nyuma. Mfasiri akiandika “toa mpira”, msomaji aweza kuelewa kwamba avue lile gamba la mpira. “Tufe” ni neno sahihi katika darasa la jiometria, lakini “gololi” linajulikana kwa kila mtoto na kila fundi baiskeli, na hatuoni sababu ya kulikwepa.

Huja kisha kitenzi, na hapa ndipo uhodari wa mfasiri huonekana. Wazungu huweza kutumia neno moja kwa kila aina ya usafi, na wafasiri wetu huwafuata kwa kuandika “safisha” kutoka mwanzo hadi mwisho: safisha gololi, safisha rola, safisha lenzi. Kiswahili hakina umaskini huo. Gololi huoshwa kwa maji ya vuguvugu na sabuni, ikakaushwa kabla ya kurudishwa. Rola hukwanguliwa polepole kwa kijiti, kwa kuwa vumbi na mafuta ya mkono hugandamana juu yake kama pete na kukifanya kishale kirukeruke. Kisha hupanguswa kwa pamba yenye spiriti. (Spiriti, neno la zahanati, anayeandika “pombe” atasababisha maajabu.) Gamba la nje hupanguswa kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Lenzi hupulizwa, wala haisuguliwi. Ama “futa”, ni kitenzi kizuri kilichokwisha kuajiriwa: katika kompyuta kufuta ni kuondoa maandishi yasirudi, na mwanafunzi akiambiwa “futa” anaweza kuugeukia ubao wa herufi badala ya kutafuta kitambaa.

Aidha, maelezo mengi yanayonakiliwa hayatofautishi aina mbili za kifaa. Tangu mwaka 1999 puku zinazosoma meza kwa mwanga zimeenea, nazo hazina gololi. Zina taa na kamera ndogo inayopiga picha zaidi ya elfu moja kwa sekunde, na unywele mmoja uliokwama kwenye tundu watosha kukifanya kishale kitetemeke. Mwalimu mwenye vifaa vya aina zote mbili katika chumba kimoja, akiamriwa afungue na kutoa “mpira” usiokuwamo, atakipekua kifaa kizima kwa bisibisi mpaka akiharibu. Tunapendekeza “puku ya gololi” na “puku ya mwanga”, na kila moja iwe na maelezo yake. Kichwa cha maelezo nacho kiwe “matunzo”, si “ukarabati”, kwani ukarabati hufanyiwa kilichokwisha kuharibika.

Limebaki neno la vile vipande laini vya chini ambavyo puku hutelezea. “Miguu” huvutia, lakini uchafu hukaa mahali pale tu panapogusa meza. Tungeviita nyayo.