Rangi ya Nini? Mji Mkongwe wa Zanzibar katika Picha za Wasafiri

Msafiri anayeshuka katika bandari ya Malindi na kamera begani huwa amekwisha kuuona Mji Mkongwe kabla hajaufikia. Ameuona katika vitabu vya picha, katika vipeperushi vya watalii na katika simu yake: mlango wa nakshi wenye vifundo vya shaba, mwanamke aliyevaa buibui jeusi akipita mbele ya ukuta uliochakaa, wavulana wanaoruka baharini Forodhani jua likizama. Mara nyingi anachokwenda kukifanya ni kuithibitisha picha aliyokwisha kuipata. Makala haya yanazihakiki picha za aina hiyo kwa maswali mawili ambayo Kiswahili chenyewe kinayaleta: rangi inayoonekana ni rangi ya nini, na hisia inayosemwa kuwa imo mjini ni hisia ya nani?

Majina ya rangi yanayochukua upatanisho wa ngeli katika Kiswahili ni machache: -eupe, -eusi na -ekundu. Mengi kati ya yaliyobaki ni majina ya vitu. Kijani ni jani, kijivu ni jivu, kahawia ni kahawa, manjano ni kiungo cha mchuzi, zambarau ni tunda. Hata rangi ya ngozi ya mtu husemwa kuwa ni ya maji ya kunde. Msemaji anayetaja rangi, kwa hiyo, anataja pia kitu chenye rangi hiyo, hata kama hakifikirii kila mara. Si hoja kwamba Waswahili wanaona tofauti na watu wengine; madai ya namna hiyo yamechosha. Hoja ni ndogo zaidi, nayo inamfaa mhakiki: lugha hii inampa njia ya kuirudisha rangi kwenye kitu chake pale ambapo picha imeitenga.

Ukuta ni mfano ulio wazi. Nyumba za Mji Mkongwe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, dari zake zikabebwa na boriti za mikoko, na nje zikapakwa chokaa. Weupe wake ulikuwa weupe wa kitu kinachopumua: chokaa huruhusu unyevu uliomo ndani ya jiwe utoke, lakini hudai kupakwa tena na tena. Usipopakwa kwa misimu kadhaa ya masika, ukuta huanza kutoa rangi nyingine. Hutokea manjano ya udongo, kijivu cha kuvu, kijani cha majani yaliyoota penye ufa, na wekundu wa kutu ya nondo mahali ambapo fundi wa karibuni alitumia saruji. Saruji huuzuia unyevu ndani, na plasta ya zamani iliyo kando yake hubanduka vipande vipande.

Rangi hizo ndizo anazozipenda mpiga picha, na haifai kumlaumu kwa kuzipenda, kwa kuwa ni nzuri kweli. Mwanga wa alasiri unapoingia kichochoroni kwa mshazari, ukuta uliobanduka huonyesha tabaka zake kama ramani, na jicho lolote lenye mafunzo litasimama. Kasoro inaanza pale picha inapoiita hali hiyo umri. Ukuta huo haukuzeeka tu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, majengo mengi yakawa mali ya serikali na kupangishwa kwa familia ambazo hazikuwa na uwezo wala wajibu wa kuyatengeneza. Rangi inayosifiwa kuwa ya karne zilizopita ni, kwa sehemu kubwa, rangi ya nusu karne ya chokaa isiyopakwa. Anayelala nyuma ya ukuta huo anaijua kwa jina jingine: ni maji yanayoingia chumbani.

Hapo pana jambo linalowahusu wanaoshauri juu ya sera. Mamlaka ya uhifadhi wa Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Tangu hapo kazi ya uhifadhi imekuwa kuutibu ukuta ule ule ambao kipeperushi kinauuza kwa sababu unaumwa. Taasisi mbili za nchi moja zinaweza kuutazama mji mmoja, moja ikatafuta fedha za chokaa na nyingine ikachagua picha ambayo chokaa hiyo ingeiharibu.

Beit-el-Ajaib limelionyesha hilo kwa uchungu. Jumba hilo lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883 ni miongoni mwa majengo yaliyopigwa picha zaidi pwani nzima ya Afrika Mashariki. Kwa kawaida lilipigwa kutoka upande wa bahari, likiwa na veranda zake na mnara wake wa saa, jeupe chini ya anga la samawati. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, sehemu ya mbele pamoja na mnara iliporomoka na watu wawili wakafa. Wingi wa picha haukulisaidia jengo, kwa sababu picha nyingi zilipigwa kwa umbali unaoufanya ufa upotee. Rundo kubwa hivyo la kumbukumbu lingeweza kuwa ushahidi wa miaka mingi juu ya hali ya kuta. Limebaki kuwa ushahidi wa hali ya hewa.

Kuhusu hisia, jambo ni gumu zaidi. Maelezo ya picha za wasafiri huupa mji wenyewe moyo: mji una huzuni, mji unaota, mji unakumbuka. Katika Kiswahili mtu ndiye anayeona haya, anayeona fahari, anayeona uchungu, na kitenzi ni kile kile cha macho. Kuihamishia hisia hiyo kwenye vichochoro ni kumwondoa mwenye kuiona. Mwanamke wa buibui hupigwa kwa nyuma au kwa upande, mara nyingi bila kuombwa, naye hugeuka kuwa doa jeusi linaloupa ukuta kipimo. Kama anauona mkono wa mpiga picha na kuharakisha hatua, haraka hiyo katika picha husomeka kuwa siri ya Mashariki. Huenda ni hasira tu.

Matumizi ya kitenzi yanafichua mengi. Mtu anayekwenda studio husema anakwenda kupiga picha, ingawa anayebonyeza kamera ni mwingine. Yeye ndiye mtendaji kwa kuwa amechagua nguo, siku na mkao. Yule wa kichochoroni husema amepigwa picha. Zanzibar ina historia ndefu ya hali zote mbili. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za akina Gomes na Coutinho zilipiga picha za wateja waliokuja wenyewe, na papo hapo zikatoa kadi za posta kwa ajili ya wageni, ambamo watu hawakuandikwa majina yao ila aina zao. Baadhi ya kadi hizo zilitiwa rangi baada ya kupigwa, na aliyezitia rangi hakulazimika kuwa ameuona mji. Vichujio vya simu leo vinafanya kazi hiyo hiyo kwa haraka zaidi: bahari inazidishiwa buluu, machweo yanazidishiwa chungwa.

Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza mwaka 1930 na kuendelezwa na mwanawe, inastahili kutajwa hapa kwa sababu inaisumbua hoja. Picha zake hazina rangi. Ni nyeupe na nyeusi, na baadhi yake zinauzwa sasa kwa watalii kama kumbukumbu za Zanzibar ya zamani. Hata hivyo nyuso zilizomo hazina ule ukimya wa doa. Watu wanamtazama mpiga picha kama wanavyomtazama jirani, na uso wa namna hiyo haumruhusu mtazamaji kusema kuwa huzuni ni ya mji. Wala si kweli kwamba kila picha ya kitalii imetoka ng'ambo ya bahari: Javed Jafferji, mzaliwa wa Zanzibar, amechapisha vitabu vingi vya picha vinavyonunuliwa na wageni. Uenyeji hauondoi tatizo peke yake, kwa kuwa soko la kitabu cha picha lina macho yake.

Kanga ndiyo sehemu inayosikitisha kuliko zote. Hakuna kitu mjini chenye rangi nyingi kama kanga, na hakuna ambacho hisia yake imeandikwa wazi zaidi. Jina la kanga, yaani maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, ni kauli ya mvaaji kwa mume, kwa wifi, kwa jirani, au kwa yeyote anayejijua. Mpiga picha anayekata fremu juu ya pindo amechukua wekundu na kuiacha kauli. Anayelibakiza jina bila kulitafsiri katika maelezo amefanya nusu ya kazi. Ugomvi, mapenzi au shukrani vilivyokuwa vikisemwa siku hiyo vimegeuka kuwa pambo, na mwandishi wa maelezo anaendelea kutafuta hisia angani.

Rangi za kitalii, aidha, zina mpaka. Zinaishia Darajani. Upande wa pili, mahali palipokuwa na mkondo wa bahari uliofukiwa, ni Ng'ambo, wanakoishi wakazi wengi wa mji kuliko Mji Mkongwe. Majengo marefu ya Michenzani, yaliyotokana na ushirikiano na Ujerumani Mashariki, hayaonekani katika vipeperushi. Kijivu chake ni cha saruji na hakina bei. Lakini nguo zilizoanikwa kwenye roshani zake zina rangi zilizochaguliwa na wenyewe, jambo lisiloweza kusemwa juu ya ukuta uliobanduka.

Wanaotayarisha picha rasmi za utalii wana nafasi ya kuanzia penye gharama ndogo, nayo ni maelezo yaliyo chini ya picha. Yaandikwe kwanza kwa Kiswahili, na kila rangi itajwe pamoja na kitu chake: chokaa ya mwaka gani, kuvu ya upande gani wa nyumba, kanga yenye jina gani. Mtu aliyeridhia aandikwe jina lake akitaka. Kwa picha ya mlango, ambayo haitakosekana, maelezo yaseme mlango huo ni wa nyumba ya mtaa gani, Shangani, Kiponda au Malindi, na kama bado unafunguliwa.