Vitabu vya Maajabu Mikononi mwa Vijana

Ndugu mapadri, na ninyi seminaristi na makatekista, nitaanza na kosa langu mwenyewe, kisha nitasema juu ya vitabu.

Nilikuwa nikisaidia kazi ya vijana katika parokia moja ya mji wetu wa Lubumbashi, na biblioteki ndogo ya parokia ilikuwa mikononi mwangu. Siku moja nilimwazima mtoto wa miaka 12 kitabu cha hadisi. Mtoto huyu alikuwa yatima, akikaa kwa mjomba wake. Nilimpa kitabu bila neno lolote, maana watoto wengine walikuwa wakingoja nyuma yake, nami nilitaka kufunga mlango mbele ya kengele ya Misa. Juma lile lile mjomba akafukuzwa kazi. Mke wake akakunja mkeka wa mtoto, akakuta kitabu chini yake. Juu ya jalada palikuwa na neno moja la Kifaransa ambalo kila mtu wa Lubumbashi analijua, hata yule asiyesoma: sorcier. Asubuhi mtoto akapelekwa katika chumba cha maombi, akafungishwa chakula siku tatu ili aseme nani alimfundisha ulozi, na ginsi gani alivyokula kazi ya mjomba wake. Katika ukurasa wa kwanza wa kitabu walikuta muhuri wa parokia. Ndiyo sababu waliniita.

Nilipofika, mtoto hakulia. Aliniuliza tu kama sherti alipe kitabu.

Mtu asizani kwamba mambo haya ni ya zamani. Leta yetu iliona ubaya wake hata ikatoa sheria n° 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto. Kifungu chake cha 160 kinampa kifungo cha mwaka mmoja mpaka mitatu mtu anayemshitaki mtoto kwa ulozi. Walakini watoto wa namna hiyo wangali wanalala njiani katika miji yetu. Kwa hiyo, makatekista wanapotuuliza ni vitabu gani vya safari na maajabu tuwape vijana, ulizo hilo kwetu si la kupitisha wakati. Ulaya wazazi wanaogopa kwamba kitabu kitamsahaulisha mtoto masomo yake. Hapa kitabu kinaweza kumtoa mtoto nyumbani.

Wengine wetu wanajibu upesi: tutupe vyote vyenye uganga, majini na wanyama wanaosema. Nawaelewa. Lakini Kanisa lenyewe liliacha njia ya orodha. Index ya vitabu vilivyokatazwa iliondolewa nguvu ya sheria mwaka 1966, na tangu hapo kazi ya kuchagua ni ya zamiri, ndiyo kusema ni kazi ngumu zaidi. Tena mtoto wa Lubumbashi hangojei kitabu ili akutane na maajabu. Miaka ya 1970 nyumba nyingi za mji huu zilikuwa na picha ya Mamba Muntu ukutani, katika chumba cha kupokelea wageni: mwanamke nusu mtu nusu samaki, mwenye nywele ndefu, anayempa utajiri yule anayeweza kushika siri yake. Baba wa nyumba alikaa chini ya picha ile akinywa chai, na watoto wakimtazama. Maajabu wanayo tayari. Kitabu kinawafundisha tu namna ya kuyatazama.

Wengine wanajibu kinyume: wasome chochote, bora wasome. Hao hawakuona mtoto niliyemwona mimi.

Mtakatifu Inyasi anatusaidia hapa kuliko orodha yoyote. Mwaka 1521 alivunjika mguu vitani huko Pamplona, akalala nyumbani Loyola, akaomba vitabu vya mashujaa wenye kupanda farasi na safari zao za ajabu. Havikuwamo katika nyumba. Wakampa maisha ya Kristu na maisha ya watakatifu. Ninyi seminaristi mnajua yaliyofuata. Alipowaza mambo ya mashujaa alifurahi, kisha akabaki mkavu. Alipowaza ya watakatifu, furaha ikakaa. Alipima mawazo yake kwa kile yalichoacha moyoni nyuma ya kupita. Nasi tupime vitabu hivyo hivyo: kitabu kinapofungwa, kinaacha nini?

Katika inchi yetu, mabaki ninayoyaogopa si kusadiki majoka. Sijaona kijana wa Katuba ao wa Kenya aliyetoka na mkuki kutafuta joka. Mabaki ninayoyaogopa ni jicho la kumshuku mtu: kijana anafunga kitabu, anainua macho, na kumtazama bibi wa nyumba ya pili. Kwa hiyo ulizo langu la kwanza mbele ya kila kitabu cha maajabu ni hili: kinaweka ubaya pahali gani? Ndani ya moyo wa yule ambaye msomaji anamfuata, ao ndani ya jirani peke yake?

Tutazame kwanza kitabu kile cha muhuri wa parokia. Ni cha kwanza cha Harry Potter, cha Bibi Rowling, kilichotoka Uingereza mwaka 1997 na kwa Kifaransa mwaka 1998. Kanisani watu walikinzana juu ya vitabu hivi. Mwaka 2003 Kardinali Ratzinger alimwandikia mwandishi Mjerumani Gabriele Kuby barua ya kumshukuru, kwa sababu aliwaonya watu juu yake. Na mwaka 2008 gazeti la Vatikani, Osservatore Romano, lilitoa mashauri mawili yaliyopingana siku moja. Mimi nilivisoma vyote saba. Kwa ulizo langu vinajibu vizuri kuliko nilivyongojea: kijana yule anakuta kwamba sehemu ya adui wake imo ndani yake mwenyewe, na mwisho anakubali kufa kwa ajili ya wenzake. Hapo kuna mafundisho.

Lakini angalieni mwanzo wake kwa macho ya mji wetu. Yatima anakaa kwa dada ya mama yake, analala chini ya ngazi, anachukiwa na watu wa nyumba kwa sababu mambo ya ajabu yanatokea pahali alipo. Sasa naelewa kwa nini mtoto wangu alikiomba sana kitabu kile, alijiona. Kisha hadisi inasema: ndiyo, yatima huyu ni mlozi kweli, na ni jambo la furaha. Msomaji wa Ulaya anacheka. Kwetu nusu ya kwanza tu ya maneno hayo ndiyo inayosikiwa. Neno la Kifaransa lililochaguliwa kwa jalada ni lile lile linalotupwa juu ya mtoto wa njiani. Hii si zambi ya mwandishi, wala ya mfasiri wake. Ni kosa la yule anayekiazima bila kusema neno kwa watu wa nyumba. Ndiyo kusema, ni kosa langu.

Je, tugeukie vitabu vya kwetu? Ndiyo, lakini navyo tuvipime. Kitabu cha hadisi ya maajabu ambacho kila seminaristi wa Kongo angepashwa kukijua ni Ngando, cha Paul Lomami-Tshibamba. Mtu huyu alizaliwa Brazzaville mwaka 1914, akasoma katika seminari ndogo ya Mbata-Kiela, inchi ya Mayombe. Alikuwa mmoja wetu. Mwaka 1945 aliandika katika gazeti La Voix du Congolais akiuliza pahali pa Mkongomani katika dunia ya kesho, na maandiko hayo yakamletea mateso kutoka kwa wakubwa wa ukoloni. Mwaka 1948 Ngando kikapata zawadi katika maonyesho ya ukoloni mjini Bruxelles, kikapigwa chapa. Kilitolewa tena mwaka 1982.

Hadisi yenyewe ni hii. Musolinga, mtoto wa Kinshasa, anatoroka masomo na kwenda kuoga mtoni. Mamba, ngando kwa luga ya huko, anamkamata; na mamba huyu si mnyama tu, ametumwa na mwanamke mlozi, naye anamchukua mtoto hai mpaka katika ufalme wa mapepo ya maji. Baba yake, Munsemvola, anakataa kulia tu. Anatafuta msaada wa mganga, anapewa miko ya kushika, anaingia mtoni usiku ili kumrudisha mwana wake. Anakaribia kufaulu. Lakini mwiko unavunjwa, na yote yanaharibika. Hadisi inaisha kwa kilio.

Sijui kitabu cha Ulaya kinachoonyesha upendo wa baba kwa namna hii. Mto Kongo unakaa ndani yake na ukubwa wake wote: mwanga wake, giza lake, wavuvi wake. Shujaa ni mfanyakazi wa kawaida, mwenye mke na deni la hofu, na hamngojei mgeni aje kumwokoa. Hata hivyo ulizo langu linabaki. Ubaya wa Ngando unatoka wapi? Karibu wote unatoka inje: kwa mwanamke yule, kwa mnyama wake, kwa mapepo. Kijana wa miaka 12 anayekisoma peke yake usiku, katika nyumba ambamo watu wanasema polepole juu ya bibi fulani, atafunga kitabu akiwa na jicho lile ninaloliogopa. Lomami-Tshibamba aliandika mambo watu wa wakati wake walivyoyasadiki. Hakuandika katekismu, na hatupashwi kumwomba hiyo. Sisi ndio tunaopashwa kukaa na msomaji.

Nilikisoma pamoja na vijana wakubwa wa masomo ya sekondari, nikawauliza: nani alimpoteza Musolinga? Wote walijibu: mlozi. Nikanyamaza. Kisha mmoja akasema: kwanza alitoroka mwenyewe. Mwingine akasema: na wale walioshika mwiko wakauvunja, hao je? Tulikaa hapo mpaka jioni, wakabishana kwa sauti hata mlinzi akaja kutazama. Basi, Ngando nakiweka kwa wenye miaka 15 kupanda, tena kwa kundi, si kwa mmoja peke yake.

Kwa wadogo ninacho kingine, nacho ni cha Kiswahili. Shaaban Robert, Mwislamu wa Tanga, aliyefariki mwaka 1962, alitoa Adili na Nduguze mwaka 1952. Luga yake ni ya pwani, na watoto wetu wanajikwaa katika maneno. Katekista asome kwa sauti na kufasiria. Adili ana ndugu wawili, Hasidi na Mwivu, na majina yao yanasema yote. Kwa wivu wanamtupa baharini. Jini Huria, aliyepata wema wa Adili zamani, anamwokoa, anawageuza ndugu wale kuwa manyani, na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Adili anawapiga, kisha analia pamoja nao na kuwalisha. Mwisho mfalme anawaombea, na manyani wanakuwa watu tena.

Angalieni tofauti. Hapa pia ubaya umo ndani ya jamaa, kama vile watu wetu wanavyosema siku zote. Lakini ubaya huo una jina la kibinadamu, ni wivu, na dawa yake si kumfukuza ndugu. Ni kumrudisha katika umbo lake. Aliyekosewa ndiye anayelia kwa ajili ya wakosaji. Mjomba wa mtoto wangu angekisoma kitabu hiki kwa faida kuliko mtoto mwenyewe.

Juu ya Tolkien nitasema machache, kwa kuwa seminaristi wanamjua kwa sinema. Alikuwa Mkatoliki, mzaliwa wa Bloemfontein katika Afrika ya Kusini mwaka 1892; mama yake alipofariki, padri mmoja wa Oratorio ya Birmingham, Francis Morgan, alimlea; na mwana wake wa kwanza akawa padri. Katika kitabu chake kikubwa cha pete, kilichotoka mwaka 1954 na 1955, Frodo anabeba pete ya ubaya safari ndefu ili aiharibu, na anapofika mwisho anashindwa kuitupa. Anaitaka kwa ajili yake. Kinachookoa dunia ni huruma aliyoifanya mbele, alipokataa kumwua Gollum, kiumbe kile kinyonge na kidanganyifu. Sijakuta jibu bora kwa ulizo langu. Lakini ni kirefu mno, na Kifaransa chake kinawachosha wengi mbele ya ukurasa wa 50.

Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadisi ya Haggard iliyofasiriwa kwa Kiswahili mwaka 1929, namo mna bibi anayewanusa watu na kuwataja kuwa walozi, nao wanauawa mbele ya mfalme. Mwandishi anachukia jambo lile, na ni vizuri vijana waone uso wake. Ila mashujaa ni wageni wanaokuja kutafuta almasi na kuondoka nazo mifukoni. Watu wa Katanga hawahitaji kitabu ili kujua hadisi ya namna hiyo.

Naona aibu moja tu katika orodha hii: Waluba wana Kalala Ilunga, aliyealikwa na mjomba wake Nkongolo kucheza juu ya shimo lililofunikwa, ngoma ikamwonya, akaruka, akavuka Lualaba kumtafuta baba yake Mbidi Kiluwe. Kuna safari, kuna hatari, kuna mjomba mbaya ambaye hakuna mtu anayehitaji kumtafuta katika jirani, kwa maana tamaa yake ya ufalme inaonekana wazi. Nani kati ya ninyi waseminari wa Kamina ao wa Kabinda atakaa na wazee wake wakati wa likizo, aandike hadisi hiyo kwa Kiswahili ambacho mtoto wa miaka 10 anakielewa? Chapa zipo. Maandiko hayapo.

Mtoto wa kitabu kile sasa anakaa kwa nyanya yake upande wa Ruashi. Anakuja kila Jumamosi nyuma ya katekismu. Juma lililopita aliniomba Ngando, kwa sababu aliona picha ya mamba juu yake. Nilimpa Adili kwanza, na nikamsindikiza mpaka nyumbani ili nimwonyeshe nyanya yake jalada.